Kompyuta ikiingiliwa, waamini wajulishwe

Tangu vita vilipowafukuza watu makwao huku Kivu, kompyuta nyingi za nyumbani mwa wachungaji zimekuwa ofisi za kanisa. Ndani yake mna majina ya wakimbizi waliopokea msaada, namba zao za simu, hata habari za mama waliobakwa. Mwizi akiingia humo kwa njia ya intaneti, hao ndio wanaoumia.

Dalili tunazijua: neno la siri linakataliwa, ama marafiki wanapokea barua tusizoandika. Hapo tukate intaneti mara moja, wala tusiandike neno la siri lolote kwenye mashine hiyo. Kwa kifaa kingine kilicho salama, tubadilishe kwanza neno la siri la barua pepe, maana ndilo hufungua mengine. Kisha tuijulishe benki. Fundi ahifadhi nyaraka bila programu, halafu aweke mfumo upya.

Kinachotuangusha zaidi ni haya. Mchungaji anaogopa kusemwa kwamba amezembea, ananyamaza, na walio hatarini hawajui lolote. Sheria ya nchi yetu juu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Je, kanisa lifanye pungufu ya hapo? Tuwaendee wahusika siku ileile, tuseme nao uso kwa uso. Yohana 10 inatuonya juu ya mtu wa mshahara, anayemwona mbwa-mwitu akakimbia. Kunyamaza nako ni kukimbia.