Tetesi zina redio, RB haina

NJE YA KUMI NA NANE
Na Mzee wa Benchi

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, nimebanwa kati ya ndoo ya dagaa na kijana mwenye spika, redio ya dereva ikiunguruma kipindi cha michezo. Mimi na wachambuzi wa redio hatuivi chungu kimoja. Nilishajiapiza mwezi huu siwagusi, shemeji yangu ni shahidi. Wamenitafuta wenyewe.

Dada mmoja akapiga simu studio. Sauti ya taratibu, wala hakuwa na jazba. Kaka, akauliza, mchezaji fulani (yeye alimtaja, mimi simtaji) anadaiwa kumpiga mzazi mwenzake, na huyo mwenzake ameshakwenda Dawati la Jinsia la polisi, namba ya taarifa (RB) anayo. Mbona nyie hamsemi?

Kimya. Kisha mtangazaji akacheka, kile kicheko cha mwenye nyumba aliyeulizwa na mpangaji habari za choo. "Dada yangu, hiki ni kipindi cha michezo. Hayo ni mambo ya ndani. Na sisi waandishi tuna maadili, hatufanyii kazi tuhuma." Simu ikakatwa, likaingia tangazo la kubashiri.

Maadili! Maana tangazo lilipokwisha, maadili yaleyale yakatuletea robo saa nzima ya winga mmoja wa Afrika Magharibi ambaye "inasemekana" amemalizana na klabu moja ya Kariakoo. Ushahidi? Picha ya mtu aliyevaa kofia uwanja wa ndege, sura haionekani. Mchambuzi akaichambua kofia. Akatutajia mshahara kwa dola, miaka ya mkataba, mpaka namba ya jezi. Hakuna aliyeuliza kama winga ana RB.

Hapo ndipo hasira zilipopanda, na konda kunidai nauli mara ya pili hakukusaidia.

Msiniambie ni woga wa sheria. Dawati la michezo linajua vizuri kuliko dawati lolote namna ya kutangaza jambo ambalo halijathibitika: inadaiwa, mhusika amekanusha, tunaendelea kufuatilia. Ndiyo kazi yao kutwa dirisha la usajili likifunguliwa. Kinachopimwa pale si ushahidi, ni nani atanuna. Tetesi za usajili zinampandisha mchezaji bei. Wakala anafurahi, msemaji wa klabu anafurahi. Tuhuma inakunyima mahojiano, inakutoa kwenye orodha ya safari ya mechi ya ugenini, na ile bahasha ya "nauli" baada ya mkutano na waandishi inakupita bila salamu.

Wala si ugonjwa wa Mbagala peke yake. Julai 2009 huko Marekani, mwanamke mmoja alifungua kesi ya madai akimtuhumu Ben Roethlisberger, nyota wa timu ya futiboli ya Kimarekani, Pittsburgh Steelers, kwamba alimbaka. Mwenyewe akakanusha. Wengine wakaandika, lakini ESPN, televisheni kubwa kabisa ya michezo, ikawaagiza watu wake wasiiguse. Eti ni kesi ya madai, si ya jinai. Aibu ilipozidi wakaitangaza. Roethlisberger hakushtakiwa kwa jinai, na ile kesi iliishia kwa maelewano. Sawa. Lakini hakuna aliyewaomba ESPN wawe mahakimu. Waliombwa kusema tu kwamba kesi ipo.

Na majirani zetu je? Oktoba 2024 Mkenya Ruth Chepngetich alishinda marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, karibu dakika mbili chini ya rekodi ya dunia ya Tigst Assefa. Mwandishi wa Kimarekani, Robert Johnson, akamuuliza palepale mkutanoni anawaambia nini wanaodhani katumia dawa. Loo! Mwandishi akashambuliwa kana kwamba kaiba bendera, na Athletics Kenya ikatoa taarifa ya kumtetea binti yao. Machi 2025 sampuli ya Chepngetich ikakutwa na HCTZ, dawa ya kupunguza maji mwilini inayoweza kuficha dawa nyingine, na Oktoba akafungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago haikuguswa, na sampuli ya Machi haithibitishi lolote kuhusu siku ile. Lakini swali lilikuwa halali dakika ileile lilipoulizwa. Lingekuwa halali hata kama asingekutwa na kitu maisha yake yote.

Jioni nikampigia mhariri mmoja wa michezo, tunajuana tangu enzi za matokeo kuletwa kwa simu ya mezani. Nikamweleza habari ya yule dada. Akahema. "Mzee, sasa tukitangaza halafu ikawa uongo?"

Nikamuuliza kuhusu yule straika Mbrazili aliyemweka ukurasa wa mbele mwaka juzi, kama ameshafika.

Akasema yuko njiani.