Si Kila Sauti ni Kelele

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Kiswahili kinakwama katika ufundi kwa sababu ya uhaba wa istilahi. Kinanda changu cha umeme, sinthesaiza ya miaka ya 1980, kimenisahihisha hapa Kalenga.

Kilipoharibika nilimpigia simu fundi wa Iringa mjini. Akauliza, "Kinafanyaje, Mwalimu?" Nikajibu, "Kina kelele." Kwa jibu hilo akaja na kidhibiti sauti kipya, akakifunga, nikalipa. Hali ikabaki vilevile, nami nikakaribia kukiuza kinanda kama chakavu. Ndipo fundi alipoinamisha sikio bila kugusa kitu. "Mwalimu, hiki hakikwaruzi. Kinavuma."

Neno hilo lilimpeleka moja kwa moja kwenye sehemu inayopokea umeme. Umeme wa majumbani mwetu hugeuka-geuka, mizunguko 50 kwa sekunde. Transfoma huupunguza, dayodi huuelekeza upande mmoja, lakini huacha mawimbi 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa hujaza mabonde ya mawimbi hayo. Majimaji yaliyomo yakikauka kwa uzee, mabonde hubaki, nayo husikika kama mvumo mzito usiokoma. Mkwaruzo ni jambo jingine: hutokea unapozungusha kidhibiti sauti kilichochafuka. Na sauti inayotatarika mara nyingi hutokana na kiungo kilicholegea. Fundi aliondoa kwanza umeme uliosalia ndani ya kapasita, akalehemu mpya mbili, kinanda kikatulia.

Tazameni basi: "kapasita" ni neno la mkopo, wala halikutukwamisha. Lililotukwamisha ni "mvumo", neno letu la asili, ambalo nililijua nisilitumie. Sisi tunaohesabu mizani na kupanga vina, mara ngapi tumeiita kelele sauti ya nyuki, ya mashine ya kusaga na ya mvua juu ya bati?

Wapo watakaosema mshairi hana deni kwa fundi. Mimi naona analo. Maneno ya sauti huishi kwa kutumiwa, na mshairi ndiye mwenye wajibu wa kuyatumia kwa usahihi. Akiyaacha yafe, fundi hatayakuta siku atakapoyahitaji.

Nawaomba, malenga wenzangu: katika shairi lenu lijalo, mkiandika "kelele", lifuteni neno hilo, msikilize upya, kisha muandike mlichosikia.