UTAFITI HAUNA MTOTO WA KAMBO

Wako watu wasemao kwamba fedha za umma zitumiwe kwa utafiti wa sayansi peke yake, na kwamba wachunguzi wa lugha na mila wanakula bure. Sisi hatukubaliani nao.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona kwamba maziwa yake ya moto yaliganda katika friji upesi kuliko ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akachekwa. Lakini Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alilijaribu jambo lile, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Hata leo wataalamu wangali wanabishana juu yake.

Chuoni humo humo wachunguzi wa Kiswahili walikusanya maneno, na kazi yao ikazaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Humo pia, mwaka 1967, kiliundwa chombo cha kuchunguza ardhi na rasilimali, ili mipango ya nchi ifanywe kwa kujua, wala si kwa kubahatisha.

Je, mkulima atafaidiwa nini na ugunduzi wa mbegu usioelezwa kwa lugha aijuayo? Na sheria ya ardhi itafaa nini, ikiwa hakuna aliyeuliza mila za wakaao juu yake?

Wenye kugawa fedha na wakumbuke: kidole kimoja hakivunji chawa.