Kuzima si Kulala: Maoni Kuhusu Istilahi za Maikrokontrola

Katika rasimu za faharasa za elektroniki zinazoandaliwa na wanafunzi wetu wa uzamili, kitenzi "kuzima" hubebeshwa kila hali ambayo kwayo kifaa hupunguza matumizi ya umeme. Kasoro hii haiishii katika ufinyu wa msamiati. Humfundisha msomaji jambo lisilo kweli.

Tuchukue maikrokontrola za jamii ya MSP430 za kampuni ya Texas Instruments. Baadhi yake zina, ndani yake, sakiti ya kuendesha kioo cha fuwele kiowevu, yaani kile kionyeshacho tarakimu katika mita na saa za mkononi. Katika muundo wake wa awali, jamii hiyo ina hali tano za kubana umeme, kuanzia 0 hadi 4. Katika hali 0 kichakataji husimama, bali saa za ndani zinazohudumia sehemu nyingine huendelea. Katika hali 3 saa za kasi nazo zimekoma. Imebaki saa ndogo ya mapigo 32,768 kwa sekunde (idadi hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 wapata pigo moja, yaani sekunde kamili). Kichakataji hakifanyi kazi, na tarakimu zingali kiooni. Kitu "kilichozimwa" chaonyeshaje saa?

Kioo cha namna hii hakitoi mwanga. Huupitisha au huuzuia ule wa nje. Umeme kinaouhitaji ni kidogo mno, lakini sharti ubadilishwe mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwani volti ya mwelekeo mmoja ikidumu huiharibu fuwele. Saa ndogo ndiyo inayoongoza mabadiliko hayo. Katika hali 4 saa hiyo nayo hunyamaza, kwa hiyo kioo chapasa kuondolewa volti kabla. Fundi mwanafunzi aliyesoma "zima" mahali pote pawili atajuaje kwamba hapa kioo kinaachwa na pale hakiachwi?

Kiswahili hakina uhaba hapa. Hali 0 ni kusinzia. Hali 3 ni kulala. Hali 4 ni kulala fofofo. "Kuzima" kuachiwe kukatwa kwa umeme, ambako kumbukumbu ya muda hupotea. Katika hali zote nilizozitaja kumbukumbu hiyo huhifadhiwa. Tena mnyambuliko wa vitenzi vyetu watusaidia bila gharama: aliyelala huweza kuamka mwenyewe kwa saa yake, ilhali aliyelala fofofo hana budi kuamshwa kwa ishara itokayo nje. Tofauti ya "amka" na "amshwa" ndiyo hasa tofauti ya kiufundi.

Najua wapo watakaosema kuwa maneno ya kitandani hayaistahili sayansi. Wahandisi wa Kiingereza walizungumzia mashine kulala na kuamka bila haya yoyote. Sijui kwa nini sisi tuwe na haya zaidi yao.

Linalonisumbua ni sakiti ile ya kioo. "Kiendeshi" kimekwisha kuzoeleka kwa diski za kompyuta, na kuendesha kwadokeza safari, ilhali hapa volti huenda na kurudi papo hapo. Ningependelea "kipembezi", kutokana na kupembeza. Wanafizikia, ambao pembea wanayo tayari katika somo lao, na watupe neno lao kabla faharasa haijachapwa.