Mlio wa Simu Uwe wa Kweli Kwanza, Utamu Baadaye

Ukimpigia mtu simu, kabla hajapokea unasikia moja kati ya sauti tatu. Kuna ule mlio wa kawaida, kuna wimbo aliouchagua mwenye nambari, na kuna yule dada anayekwambia mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Hiyo ya tatu tumeizoea sana Kenya hadi tunasema tu, "Nimempigia, ni mteja."

Kazi yetu sisi ni malipo ya simu, si kupitisha simu. Lakini kila siku wateja wetu hupiga simu kuthibitisha kabla ya kutuma pesa, na wanachosikia kabla ya "hello" huwasaidia kuamua. Ndiyo maana tuna msimamo kuhusu mlio huu: kwanza uwe wa kweli, pili uwe wa gharama ndogo, na utamu uje baadaye.

Tuanze na jinsi unavyofanya kazi. Zamani, mlio ulitengenezwa na mitambo ya kampuni ya simu, kisha ukasafirishwa kwenye waya hadi sikioni mwako. Simu za siku hizi zinazopita kwenye intaneti, zikiwemo nyingi za 4G, hazihitaji hivyo. Nyingi hutumia utaratibu uitwao SIP, ambao kanuni zake zinazotumika hadi leo zilichapishwa mwaka 2002. Simu ya unayempigia ikianza kuita, mtandao unakuletea ujumbe mfupi wenye nambari 180, maana yake "inaita." Simu yako ikiupata, inajipigia mlio yenyewe. Hakuna sauti iliyosafirishwa hata kidogo.

Wimbo ni hadithi nyingine. Haumo kwenye simu yako wala ya unayempigia. Umo kwenye seva ya kampuni. Kwa hiyo lazima utumwe kama sauti halisi, kipande kwa kipande, kabla mtu hajapokea. Hapo mara nyingi ujumbe unaokuja ni wa nambari 183, unaosema kuna sauti njiani.

Tupige hesabu kidogo. Kwa kodeki ya kawaida ya G.711, sauti hutumwa kwa pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti ni kama baiti 200 ukijumlisha anwani zake. Hizo ni baiti 10,000 kwa sekunde. Simu ikiita sekunde 30, umefikisha kama kilobaiti 300. Ule ujumbe wa 180 kwa kawaida ni baiti mia kadhaa tu, na unatumwa mara moja. Kodeki za 4G hubana sauti zaidi, lakini tofauti bado ni kubwa. Kwenye mnara wenye watu wengi siku ya soko, hiyo ni nafasi ambayo ingebeba mazungumzo ya mtu mwingine.

Ndiyo maana tunasema mlio unaotengenezwa na simu yenyewe uwe ndio wa kawaida, na wimbo uwepo kwa anayeuomba tu, akijua analipa ngapi. Yule dada wa "hapatikani" naye hutumia nafasi kama wimbo, lakini yeye tunamtetea, kwa sababu anakupa habari unayoihitaji.

Sasa tuje kwenye ukweli. Mtandao unaweza kukupigia mlio hata kabla simu ya upande wa pili haijafikiwa. Wewe unasikia inaita, mwenzako simu yake imenyamaza kimya mfukoni. Marekani walilalamika sana juu ya jambo hili, hasa watu wa mashambani, kwa sababu kampuni za katikati zilikuwa zikipitisha simu kwenye njia za bei rahisi na nyingine hazikufika. Mwaka 2013 tume yao ya mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku mlio huo wa uongo: mpigaji asisikie mlio mpaka upande wa pili uthibitishe kwamba simu inaita kweli.

Chukua mfano wa mkulima wa Mbumbuni, kule Makueni, mwenye maembe yaliyoiva. Anampigia mnunuzi wake aliye Machakos. Inaita, inaita, haipokelewi. Anajiambia, "Huyu amenikwepa," na anamwachia broka mwingine mzigo kwa bei ya kutupa. Kumbe simu haikufika kabisa. Au geuza: mnunuzi ndiye anayepiga athibitishe nambari kabla ya kutuma pesa. Anasikia wimbo anaoujua, anasema, "Ni yeye," na anatuma bila kungoja sauti ya mtu. Hapo sasa ndipo pesa zinapopotelea.

Tuliseme wazi: wimbo umefungwa kwenye nambari, haujafungwa kwa mtu. Simu ikiibwa, wimbo ni ule ule. Mwizi akifanikiwa kuhamishia nambari kwenye laini yake, wimbo utakukaribisha vile vile, na benga yako unayoipenda itakuwa inamtangulia tapeli.

Kuna watakaotuambia tunawaharibia wasanii riziki. Hoja hiyo ina uzito. Skiza imekuwepo tangu 2009, na wanamuziki wengi, wakiwemo wa benga ya Kikamba, hupata chochote kutokana na nyimbo za wateja. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yalisema msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Sisi hatusemi nyimbo ziondolewe. Ukiupenda wimbo, ulipie kwa moyo mweupe. Tunachokataa ni wimbo unaokukata kredo bila wewe kujua. Tuseme ni shilingi 1.50 kwa siku: kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 547. Kwa mama anayeuza ndengu, hizo si pesa za kupuuza, na msanii mwenyewe heshima yake ni kuchaguliwa.

Basi ufanye nini wewe mteja?

Kwanza, jua unachokatwa. Kwa laini ya Safaricom, piga *811# uangalie kama una wimbo wa Skiza. Kama huutaki, uondoe. Kama uko mtandao mwingine, uliza huduma kwa wateja.

Pili, ukipiga kwa WhatsApp, angalia kioo. Neno "Calling" linamaanisha simu bado inatafutwa. Likigeuka "Ringing," ndipo simu ya mwenzako imefikiwa. Ikibaki kwenye lile la kwanza, usimlaumu mtu, huenda hana bando au yuko mahali netiwaki haishiki.

Tatu, simu isipopokelewa, usihukumu haraka. Tuma ujumbe mfupi, kisha ujaribu tena kwa njia ya kawaida kabla ya kuuza au kuvunja makubaliano.

Nne, usitume pesa kwa sababu umesikia mlio au wimbo. Ngoja sauti ya mtu, muulize jambo ambalo yeye tu angelijua, kisha usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN yako. Jina lisipolingana, acha hapo hapo.

Na kwa kampuni za simu ombi letu ni fupi: msimpigie mteja mlio kabla simu haijaita upande wa pili. Kama haijafika, mwambieni haijafika. Mkulima akiambiwa ukweli atangoja dakika kumi apige tena, na maembe yake yatauzwa kwa bei yake.