Chombo Huishi kwa Kutumiwa

Juma lililopita, mjini Nkubu, niliiuza Honda C50 niliyotumia miaka miwili kuifufua. Mnunuzi, mwalimu kijana, alipoiwasha, ule mlio mwembamba ulinirudisha katika miaka ya 1990, nilipokuwa nikiteremka barabara ya Igoji huku shati likipepea kama bendera.

Wapo walionilaumu, eti kumbukumbu haiuzwi. Nawajibu kwamba chombo kisichoendeshwa huoza upesi: petroli huacha utando katika kabureta, tairi hupasuka, kutu ikatamalaki.

Mimi ni mwanaisimu, na maradhi hayo nayajua katika lugha. Neno pikipiki ni tanakali ya sauti iliyogeuka nomino: watu waliusikia mlio, wakaufanya jina. Bodaboda nalo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miongoni mwa waendesha baiskeli waliovusha abiria. Hayakuundwa na kamati yoyote, yalitumiwa, yakadumu. Ilhali maneno mangapi mazuri yamelala kamusini, mithili ya pikipiki iliyofunikwa turubai ghalani?

Walimu wenzangu, tusiwakaririshe wanafunzi msamiati kwa ajili ya mtihani tu. Tuwapeleke kwa fundi wakasikie plagi, pistoni na breki zikitajwa kazini, kisha waandike waliyoyasikia.

Nikiwa nyumbani, naisikia Honda yangu ikipita alfajiri kuelekea Kanyakine. Moyo huniuma, sikatai. Lakini ni heri kuisikia ikipita kuliko kuipangusa vumbi.