Chai ya Pakanga Isiwe Kichaka cha Serikali

Makamanda, kwenye magrupu yetu inazunguka meseji ya chai ya pakanga, ile artemisia. Panda nyuma ya nyumba, chemsha majani, kunywa siku saba, malaria kwisha. Na wanaoisambaza ni sisi sisi, tena kwa mbwembwe, eti ukombozi dhidi ya makampuni ya mabeberu. Mimi siisambazi.

Mmea wenyewe sina ugomvi nao. Artemisinini inatoka humo humo, na Tu Youyou wa China alipata Nobeli mwaka 2015 kwa kuigundua. Ila haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake kinatofautiana mmea kwa mmea. Kikombe kinaweza kushusha homa, vimelea vikabaki, na vinavyobaki ndivyo vinaizoea dawa. Dawa mseto imeitwa mseto kwa sababu hiyo: artemeta inapiga haraka, lumefantrini inamalizia. Usugu huo si habari ya Cambodia tena jamani, umeshathibitishwa Kagera.

Sasa siasa. Mama wa kijijini hanywi chai hiyo kwa ujinga. Ameenda zahanati na mtoto mgongoni, kaambiwa dawa zimeisha, akanunue dukani, na hela hana. Ukimjibu "chemsha majani", umeifutia serikali deni lake. Na wakubwa wanaipenda sana lugha hiyo. Mei 2020 si walituma ndege Madagascar kufuata kinywaji cha artemisia cha korona? Ndege ilipatikana. Gari la kupeleka mseto kijijini ndilo halina mafuta!

Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa maradhi. Tamu, eh? Rudi Ibara ya 7(2): hakuna mahakama yenye ruhusa ya kuitilia nguvu. Haki ya kutundika ukutani. Wanaotuuliza Katiba Mpya italeta unga gani mezani, waonyesheni hapo.

Mtoto akichemka mwili, apimwe siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria na zahanati haina dawa, changishaneni anunuliwe mseto, amalize dozi yote ya siku tatu. Risiti msitupe. Andikeni nyuma tarehe na jina la zahanati, mpeleke kwa katibu wa vijana wa kata. Zikikusanywa risiti za kata nzima, diwani aulizwe mkutanoni, mbele ya watu, zikiwa mezani.